Laini Iliyosajiliwa kwa Kidole Changu

Dodoma, Jumapili

Kaka Marwa,

Shikamoo. Mimi mwili ni mzima. Bibi kifua bado kinamsumbua? Na yule ndama wa ng'ombe mweusi, ananyonya vizuri? Huku ni vumbi na upepo, ila chakula nimekizoea. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu nikikupigia nitanyamaza, unanijua, na wewe utaongea mpaka mimi ndiye nikuombe msamaha.

Wiki iliyopita darasani tulifundishwa namna watu wanavyoibiwa kwa simu. Mwalimu alisema matapeli wengi hawavunji mfumo wowote, wanambembeleza mtu mpaka afungue mwenyewe. Kisha akatuambia kila mmoja aangalie laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Mimi nina laini moja. Zikatokea mbili. Neema, ninayekaa naye chumba kimoja, akanichungulia. "Rhobi, na ukimya wote huo una laini ya siri?" Nikacheka naye. Jioni nikaazima simu yake, nikaipigia ile namba.

Ukapokea wewe. Nilisema "halo" tu, ukadhani ni mzazi fulani anakurudia. "Shikamoo mama, mimi ndiye mwalimu wa zamu. Mtoto wako yuko taabani hapa shuleni, tuma hela ya hospitali sasa hivi." Nyuma yako kuna mtu alikuwa anacheka. Sauti yako ilikuwa ya upole, kaka, ile uliyonibembeleza nayo nilipougua malaria. Nikakata.

Ndipo nikakumbuka siku ile Issenye, kabla sijasafiri, uliponipeleka kwa rafiki yako anayesajili laini chini ya mwavuli. Niliweka kidole, akasema haijasoma. Ukamwambia, "Mura, hiyo ni mikono ya jembe, mwache aweke tena." Mkacheka. Mimi nikaona aibu, nikakifuta kidole kwenye sketi, nikaweka tena. Ilikuwa imesoma mara ya kwanza, sivyo, na ile ya pili ikasajili laini yako? Kuzuia utapeli wa namna hiyo ndiko ninakosomea, na nilitapeliwa hata kabla sijapanda basi.

Siku mama mmoja akishtaki, jina litakalotoka ni langu. Nani atanipa kazi ya kulinda mifumo yake? Lakini hata hilo haliniumi kama kujua kwamba ulikichagua kidole changu, wewe uliyembishia baba alipotaka niolewe. Sasa hata wema ule nautilia shaka. Hilo sijui nitakusamehe vipi.

Juzi nimekwenda kuifunga ile laini. Dada wa huduma kwa wateja akaniuliza, "Unamfahamu anayeitumia?" Watu wa nyuma kwenye foleni walikuwa wameanza kuguna. Ningeweza kusema hapana. Nikasema ndiyo. Sauti ilipokataa kutaja jina, nikaomba kalamu, nikaliandika.

Hawajaniambia watafanya nini. Usinipigie kunitaka nilifute jina lako, sitalifuta. Nenda kwa baba umweleze mwenyewe, kabla mtendaji wa kijiji hajaja kumuuliza.

Msalimie bibi, na mama mdogo wa kule Mbalibali aliyenifungia karanga za safari. Baba naye mpe shikamoo yangu, ila usianze nayo. Mpe ukishamaliza kumweleza.

Ni mimi mdogo wako,
Rhobi