Bangili ya Zimwi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta u mzima, na kwamba lile goti limeacha kununa tangu ulipoanza dawa mpya. Msalimie dada, mwambie gauni alilonishonea limenikaa vizuri isipokuwa kiunoni, na asicheke. Mimi sijambo. Macho tu ndiyo mekundu, na sababu yake ndiyo ninayotaka kukueleza, kwa hiyo vuta kiti, vaa miwani, utulie.

Unajua mjomba anavyokusalimia akifika nyumbani: anasimama mlangoni, anakunja vidole kama makucha, anauliza Zimwi ameamkaje. Wewe siku zote ulisema kwamba ulipokuwa kijana ulivaa vazi la mpira ukaigiza kiumbe wa sayari ya mbali, katika ile filamu ya vyombo vya anga iliyopendwa na kila mtu. Mjomba wakati huo alikuwa shule ya bweni, hakuona kitu. Basi kila tukikusanyika anaiweka filamu, anaisimamisha pale kiumbe anapotokea, anakuuliza wewe uko wapi humo. Na kiumbe mwenyewe ana miguu minane, mwembamba kama moshi, kachorwa na kompyuta. Watu hoi kwa kicheko. Ulikuwa ukicheka nao, mpaka siku ile ulipoivua bangili ya bibi, ile uliyosema uliigiza nayo mkononi, ukaifungia kwenye mtoto wa meza, na habari ya filamu hukuigusa tena. Mama, mimi niliona. Iliniuma sana.

Sasa sikia. Wenye filamu waliifumua baadaye. Walimtoa kiumbe wa mpira wakampachika huyo wa moshi, wakabadilisha rangi, wakakata maneno, kisha ile ya kwanza wakaifungia isionekane tena. Mjomba ameiona hiyo ya pili tu. Huku nimejiunga na kundi la wapenzi wa filamu hiyo, wanaohangaika kuirudisha kama ilivyozaliwa. Mchana kila mtu ana kibarua chake, mimi nikiwapimia wateja miwani, kisha tunakutana chumba cha nyuma cha duka la fundi redio. Mkanda wa awali tuliupata kwa mzee aliyewahi kuwa na ukumbi wa sinema. Ulikuwa ndani ya bati lenye kutu, unanuka siki, mpaka fundi redio akatuuliza tumeleta filamu au achari.

Tunaupitia mkanda picha moja moja, kila picha tunaiingiza kwenye kompyuta na kuifuta vumbi na mikwaruzo. Sheria yetu haina mchezo: kilichokuwepo kinabaki hata kama ni aibu, kisichokuwepo hakiingii hata kama ni kizuri. Uzi unaoning'iniza chombo cha anga ukionekana, acha uonekane.

Msafishaji wetu mkuu tunamwita Sabuni. Huyo bwana akiona doa hatulii. Siku aliyotuonyesha sehemu ya kiumbe nilisogea hadi pua ikagusa kioo. Mama, ulikuwa wewe! Kichwa ni cha mpira, lakini mwendo ni wako, ule wa kutanguliza bega la kushoto kama mtu anayepenya msongamano. Kiumbe akainua mkono kumuaga nahodha, nami nikangoja bangili, maana ulitusimulia kwamba glavu iliteleza, bangili ikachungulia, mwongozaji akakufokea. Sikuiona. Mkono mtupu, msafi kabisa. Sitakuficha, hapo nilimsikia mjomba akicheka kichwani mwangu.

Nikamuuliza Sabuni kama alifuta chochote pale. Akasema kwa maringo kwamba ndiyo, palikuwa na doa king'ang'anizi linalong'aa, amelitoa katika kila picha na limemtoa jasho. Nikamwomba alete picha ambazo hazijasafishwa. Nikamweleza kwamba vumbi hukaa kwenye picha moja, inayofuata halipo, lakini hili linapanda na mkono, linashuka na mkono. Akang'ang'ania ni doa. Nami nikang'ang'ania, unanijua. Tulibishana mpaka fundi redio akauliza kama tumekusudia kutoana roho kwa ajili ya dude la mpira. Tukalikuza hilo doa. Likawa bangili ya shaba, na ubavu wake umebonyea palepale ilipobanwa na mlango wa bibi. Sabuni akavua kofia, kisha akairudisha bangili picha kwa picha bila kuambiwa mara mbili. Sikusema ni ya nani. Nilitaka ishinde yenyewe, nisionekane nampigania mama yangu.

Jumamosi iliyopita tuliionyesha. Ukumbi ulijaa, wengine walisimama ukutani. Ulipoinua mkono, bangili ikametameta, watu wakapiga makofi, nami nikajivuna hadi nikahisi gauni la dada litapasuka.

Taa zilipowashwa, bibi mmoja mwenye fimbo akasimama. Akasema yeye ndiye fundi aliyelishona vazi lile. Akaeleza kwamba bangili ile haikusahauliwa hata kidogo. Mikono ya yule binti aliyelivaa ilikuwa imevimba, wakampaka sabuni, wakavuta, ikakataa katakata. Binti akalia, akamsihi asimwambie mwongozaji sababu, maana angeondolewa kazini siku ileile. Alikuwa mjamzito. Basi fundi akalifumua vazi tumboni kimyakimya, akaongeza kipande cha mpira, siri ikabaki ya wawili. Kisha akauliza kama kuna anayejua binti yule yuko wapi, na kama mtoto alizaliwa salama.

Mama, nilihesabu miaka kwa vidole. Mimi ndiye kifungua mimba wako, na filamu ile ilitoka mwaka niliozaliwa. Kwa nini hukuniambia? Nikasimama, nikasema mtoto ni mimi na mama yangu ni mzima. Ukumbi mzima uliinuka. Sabuni alilia waziwazi, akisema bangili iliyoishinda sabuni ya kweli yeye nusura aifute. Yule bibi alinishika uso kwa mikono miwili, akaniambia hicho kipande cha mpira alikipima mara mbili ili nisibanwe.

Jumamosi ijayo nakuja na filamu. Mjomba nimeshamwita, nimemwambia akae mbele kabisa, na makucha yake asiyasahau. Kila aliposema zimwi ni uongo, alikuwa anaongea nasi wawili bila kujua.

Wasalimie wote wanaoniulizia, majirani usiwaache. Na wewe fungua mtoto wa meza, uitoe bangili ya bibi, uivae kabla sijafika. Ikikataa kuingia, paka sabuni.

Ni mimi mwanao wa kwanza,
Zimwi Mdogo