Desemba Waliyomtenga Nyanjige

Jumapili, 10 Desemba 1995

Kigangoni, ng'ambo ya Nkololo. Vumbi mpaka ndani ya kalisi. Mvua hakuna — tangu Oktoba tunaangalia mawingu yakipita kwenda kwa wengine.

Niliposema tutakiane amani, watu walishikana mikono kanisa zima isipokuwa benchi moja. Mama Nyanjige peke yake, yule mjane anayefua vitambaa vya altare. Alinyoosha mkono, hakuna aliyeupokea. Akaurudisha taratibu, akaufuta kwenye kanga kama vile ulikuwa mchafu.

Baada ya Misa nikamwita katekista, Thomasi. Akaangalia chini. Ametengwa, Padre, tangu Alhamisi. Sungusungu wamepiga mbiu: asisalimiwe, asiuziwe kitu, asipewe hata kaa la moto. Atakayemsemesha atatengwa naye.

Kosa lake? Kijiji kilileta mganga wa mvua. Kila kaya itoe mtu mmoja anywe dawa, ijulikane nani ameifunga mvua. Nyanjige akakataa. Akasema Padre amekataza.

Padre ni mimi! Yale mahubiri ya Oktoba. Nilipiga mimbari ngumi, kisha nikapanda pikipiki nikarudi zangu Bariadi kula wali. Walikuwa karibu watu mia mbili. Aliyesikia ni mmoja.

Nimemuuliza Thomasi kama naye alikunywa. Akaanza kukusanya vitabu vya nyimbo. Amekunywa.

Jumanne, 12 Desemba 1995

Nimeenda kwake. "Mwadila, mayu!" — nikamsalimu kwa Kisukuma chao, kwa sauti kubwa, majirani wasikie. Alicheka mpaka akakaa chini. Siku tano hakuna aliyemsemesha ila redio, na betri zinakwisha. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Mahindi anayo, unga hana, mashineni wamemkatalia. Nikafunga debe nyuma ya pikipiki, nikaenda mwenyewe. Mwenye mashine akauliza: haya ya nani, Padre? Yangu, nikasema. Nimedanganya! Mchana kweupe, na kola ya upadre shingoni. Nitamwungamia mwenzangu wa Maswa, na najua atacheka.

Ijumaa, 15 Desemba 1995

Afisa mtendaji kwanza. Ameniomba nisimchokozee watu. Uchaguzi ndiyo kwanza umekwisha, vyama vimewapanda kichwani, yeye hataki kesi nyingine. Akanisindikiza mpaka mlangoni, kwa heshima zote.

Kisha Salu, mkuu wa sungusungu. Alibatizwa Gilbert lakini hataki kuitwa hivyo. Kigoda, maziwa ya mgando, tukaulizana habari za ng'ombe na za nyumbani kwetu Bukoba. Akasema: wezi wa mifugo walipotumaliza, nani alikuja? Sisi wenyewe ndio tuliowakomesha. Na huyu mama hatujamgusa hata unywele. Njia iko wazi — aje mbele ya mkutano, anywe, aombe radhi. Dakika tano.

Nikasema ni suala la dhamira yake.

"Dhamira ni ya kwake, Padre. Njaa itakuwa ya wote."

Jibu zuri sana nililipata njiani, nilipokuwa navuka korongo. Kama kawaida yangu.

Jumapili, 17 Desemba 1995

Nimehubiri kwa hasira. Kama hamwezi kumsalimia mama mmoja, Krismasi hapa hakuna Misa! Kisha Mektilda wa kwaya akaanza kulia. Mwezi mzima wanafanya mazoezi, wameshona hadi sare. Miaka kumi iliyopita kitambaa cha namna ile kilikuwa cha kupangia foleni. Sasa gulioni kimejaa, nao walijinyima wakanunua.

Nikaondoka kama mshindi. Kabla sijafika Bariadi aibu imenishika. Nimefanya kile kile walichofanya wao. Nimewatenga.

Jumatano, 20 Desemba 1995

Mvua!

Imeanza alfajiri, ya kweli, ya kuezua mabati. Watoto wanaruka mitaroni. Mwenye duka la jirani amewasha taa zake za Krismasi za kutoka Dubai, mchana, kwa furaha tu.

Ilinipasa nipige magoti. Nilikaa kitandani nimenuna. Novena yangu ya mvua niliimaliza wiki iliyopita, na hakuna atakayeikumbuka. Saa nne akaingia Thomasi, amelowa chapachapa, uso unang'aa. Umeona, Padre? Dawa imefanya kazi! Walipokunywa wote, na yule mmoja akawekwa nje —

Katekista wangu!

Ee Bwana Mungu, ungengoja wiki mbili tu. Au ungeanza wiki tatu mapema, mganga asipate nauli ya kuja. Ulikuwa na siku zote hizo!

Nimesoma tena nilichoandika. Sifuti.

Ijumaa, 22 Desemba 1995

Nyanjige amekuja kwa miguu, matope mpaka magotini. Chai hakutaka. Akasema kilichomleta: nisiwanyime watoto Krismasi kwa ajili yake. Watamchukia zaidi, na safari hii watakuwa na haki.

Kisha akazungumzia shamba. Kila mtu analima sasa. Kila mwaka Thomasi ndiye aliyekuwa akimlimia kwa plau na maksai wake. Mwaka huu anazunguka mbali asipite hata mbele ya nyumba yake. Kwa jembe la mkono hatafika robo ya shamba.

Nikamwambia Mungu anaona.

"Anaona, Padre. Mimi nauliza nani atalima."

Nimempeleka nyumbani kwa pikipiki. Tumeanguka mara mbili. Kwa Thomasi nimeacha ujumbe: Misa ipo.

Jumatatu, 25 Desemba 1995. Noeli

Kanisa limejaa hadi nje. Watoto na miwani ya plastiki ya sikukuu, wamepakwa mafuta mpaka wanateleza. Kwaya imeimba vizuri kiasi cha kunikera. Benchi la Nyanjige tupu — watu wamebanana kama kuni, na pale hakuna aliyekaa.

Nilipomaliza nikaenda kwake moja kwa moja. Nikamkuta shambani, analima. Siku ya Noeli!

Akasema wimbo ameusikia kutoka pale, ila Mektilda alipandisha mno sauti. Kwa nini hukuja, mayu? Hakutaka wakose raha yao.

Nikavua kanzu, nikaitundika kwenye mgunga, nikaomba jembe la pili. Mikono hii ya seminari! Malengelenge kabla ya tuta la tatu. Waumini wakaanza kupita wakirudi makwao, na wote wakasimama. Padre analima, sikukuu, na mtu aliyetengwa. Thomasi alikuwepo na baiskeli yake, mkewe nyuma. Alisimama muda mrefu kuliko wengine wote. Akaishusha stendi. Nikaacha kulima nikamtazama, na labda hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu mkewe alimvuta shati, akapandisha stendi, wakaondoka.

Kulikuwa na hatua kumi tu kutoka njiani. Kumi!

Nina hasira na Thomasi, na Salu, na mvua. Na yule padre aliyepiga mimbari ngumi Oktoba.

Jumatano, 27 Desemba 1995

Nimelala kigangoni. Salu amemwita Nyanjige mkutanoni leo saa nne. Ameagiza kwamba ni mara ya mwisho.

Amepita hapa sasa hivi ili twende pamoja. Amevaa gauni jipya, alilolishona kwa ajili ya Noeli na hakulivaa. Nikamuuliza atawaambia nini. Hajui bado, atajua akishawaona usoni.

Alikuwa ameshafika mlangoni akageuka.

"Padre, nikinywa, Jumapili utanipa Komunyo?"

Jibu la kitabu nalijua: hapana. Nimelifundisha hapa hapa, kwenye ubao huu. Nikamwambia ndiyo. Upesi, kabla sijafikiri. Nilidhani namtua mzigo.

Akanitazama. Nimewahi kuona uso wa namna hiyo kwenye misiba, mtu anapoambiwa jambo ambalo angepaswa kuambiwa mapema. "Kumbe," akasema. Basi. Akatoka.

Nilisema naandika kidogo tu, nakuja. Yuko nje, ameshapanda pikipiki.

Anapiga honi.