Bata Wale Kwanza

Chumba Namba 6,
Nyumba za Vibarua,
Shamba la Kuku.
Jumapili, 2 Juni.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu nyingi kama manyoya ya shamba hili. Hujambo? Magoti ya mama yanaendeleaje? Na binti yangu bado anakohoa asubuhi? Mimi mzima, ila mgongo unalalamika na pajani nina alama ya bluu yenye ukubwa wa sahani. Hiyo nitaieleza. Usimwambie mama kabla hujamaliza kusoma.

Dada, nakuja nyumbani! Nimeanzia mwisho kwa sababu nikikaa nalo nitapasuka. Likizo ya wiki tatu, baada ya miaka mitatu! Simu yangu ilidonolewa ikatumbukia kwenye karai la maji, ndiyo maana nakuandikia. Dereva wa lori la pumba ndiye atakayekuletea barua hii.

Sasa sikia ilivyokuwa. Mama mwenye shamba alileta bata bukini wanne wawalinde kuku dhidi ya kicheche. Kicheche kweli amekoma. Lakini dume lao! Tumempa jina Nyapara, maana hutembea nyuma ya kila mtu akikagua kazi, na yeye hajawahi kushika jembe. Kuku akisogelea chakula, Nyapara humshika shingo na kumtikisa kama nguo ya kukamua. Mwezi wa nne walikufa watatu.

Mama mwenye shamba akaniambia bila kupepesa macho: "Likizo yako iko mdomoni mwa huyo dume. Mwezi wa tano asipokufa kuku hata mmoja, nenda kwenu. Akifa mmoja, tutazungumza mwakani."

Basi nikawa nalala na kuamka nikiwaza shingo za kuku. Nilimchapa Nyapara kwa fagio, akazidi. Nikamkimbia, akazidi zaidi.

Kisha Jumanne moja, mwezi ukiwa bado mchanga, nikakuta maandishi ya chaki kwenye mlango wa stoo, maana mama mwenye shamba huondoka mapema na kutuachia maagizo hapo: BATA WALE KWANZA, KUKU BAADAYE. Na Jumanne ndiyo siku ya mchinjaji kuja kuchukua kuku wazee. Nikasoma mara mbili, nikaruka. Bata wale! Wale wanne! Wanaondoka kwanza, kuku wazee watafuata! Mimi na mwenzangu, yule Mrefu, tukahangaika kuwatia kwenye matenga, na hapo ndipo Nyapara aliponipiga bawa la paja. Sikujua kuwa bawa linaweza kuwa rungu.

Bata walipokuwa ndani ya matenga wakipiga kelele, nikawafungulia kuku. Dada, walikula! Hata yule mwekundu anayechechemea alikula mpaka akashindwa kutembea.

Mchinjaji alikuwa ameshafunga tenga la kwanza kwenye pikipiki mama mwenye shamba alipotokea.

"Bata wangu wanakwenda wapi?"

"Si umeandika mwenyewe, mama? Bata wale kwanza."

Akautazama mlango, akanitazama mimi, akashika ukuta kwa kicheko. "Wale! Wapate kula! Wakishiba hawatagombea cha kuku. We kijana, darasani ulikuwa unakaa dirishani?"

"Haya," mchinjaji akasema huku akifungua kamba, "kumbe leo asiyekula ni mimi tu."

Tangu siku hiyo bata hula kwanza, nyuma ya stoo, na wana karai lao pana la maji. Kuku tumewaegeshea mbao ukutani wapate pa kupenya wakifukuzwa. Nyapara akinijia simkimbii wala simchapi. Nasimama, nafungua mikono, nakwenda mbele polepole. Anatoa ulimi, analalamika, anageuka zake. Mwezi umeisha juzi, na hakufa kuku hata mmoja! Sasa Mrefu ananiita Bwana Wale, na wenzetu wote wamelidaka jina hilo.

Nitapanda basi Alhamisi, nifike Ijumaa mchana. Lile paa ulilosema linavuja, niachie mimi.

Na binti, Dada. Nilimwacha anatambaa, hanijui. Akiniogopa usimsukume aje kunisalimu. Nitasimama tu mlangoni nimefungua mikono, kama ninavyomfanyia Nyapara. Tofauti ni kwamba huyu naomba asogee.

Nisalimie shemeji na cherehani yake, na jirani muuza mkaa. Mama mwambie najua maswali yake ni mengi, lakini siku hiyo mwanawe ale kwanza, maswali baadaye.

Mungu awatunze nyote mpaka mnisikie nikibisha hodi.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, paja moja zima na jingine bluu,

Bwana Wale