Tumalize Hiki Kimoja

Ngara, Jumapili mchana

Mayu, mama yangu mzazi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi uani, si kitandani. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua ilifika? Na Baba, bado anakohoa? Mimi mwili ni mzima. Nimempa barua fundi cherehani anayekuja Maswa. Mdogo wangu Shija akusomee mkiwa wawili tu. Kwa simu ningelia, usingesikia neno.

Nilikwambia habari za Goreti, yule mkimbizi wa Burundi anayetutafsiria kwenye zahanati ya kambi yetu ya mapokezi. Huniita Kabura, maana ulimi wake haupendi l. Alivuka mpaka peke yake. Mama yake alikataa kuondoka, akasema atafuata akishauza ng'ombe. Tangu hapo, kila lori likileta watu kutoka mpakani, Goreti alikimbilia getini akatazama uso mmoja mmoja. Miezi miwili, Mayu. Akirudi hali chakula. Nikaona anajimaliza.

Ndipo nikamfundisha mchezo ulio kwenye simu yangu. Ni mchezo wa kipuuzi kweli. Kuna vijitu viwili visivyo na mifupa, vinayumba kama walevi wa arusi. Wewe unaongoza chako kwa kidole, mwenzako chake. Kazi ni kusukuma masanduku, kuegemeza mbao na kushikana mikono mpaka vyote viwili vivuke korongo. Ubao ukikaa vibaya unapinduka, vijitu vinaanguka vikipiga mieleka hewani. Goreti alikuwa akipiga kelele, "Fata, Kabura, fata!" Yaani shika. Siku kijitu chake kiliponing'inia kwenye mguu wa changu, alicheka hadi akajifuta machozi kwa kitenge. Wauguzi wenzangu walikuja kuchungulia kama tuna wazimu. Siku hiyo alikula.

Alhamisi ya wiki iliyopita, saa nane mchana, tulikuwa mapumzikoni nyuma ya stoo. Kiwango kimoja cha mchezo kilikuwa kimetushinda wiki nzima. Kilitaka ubao mrefu ulale juu ya pipa, mmoja aukalie huku mwenzake akipanda upande wa pili. Siku hiyo kikaanza kukubali. Mara tukasikia lori linapanda kilima. Goreti akainuka. Mayu, nilimshika mkono wa blauzi.

"Kaa," nikamwambia. "Tumalize hiki kimoja. Watu hawaendi popote."

Akatazama geti, akanitazama mimi, akakaa.

Tulimaliza. Tulipiga makofi. Hata robo saa haikufika.

Mlinzi akaja mbio. "Goreti! Kuna bibi ameshuka, anakuulizia kwa jina!"

Alikimbia, ndala zikabaki pale. Nilipofika, bibi alikuwa amelazwa kwenye mkeka kando ya lori, midomo imepasuka, daktari amepiga magoti akimkandamiza kifua. Kisha daktari akaacha. Goreti alikuwa ameikumbatia miguu ya mama yake, anamwita, "Mama, ni jewe. Ni jewe." Ni mimi.

Daktari aliniambia pembeni kwamba bibi aliishiwa maji mwilini tangu njiani, na dakika kumi zisingemwokoa. Namwamini. Lakini mlinzi anasema alishuka kwa miguu yake mwenyewe, akauliza Goreti wangu yuko wapi. Kwa hizo dakika alikuwa hai, Mayu, na mwanawe alikuwa nyuma ya stoo akicheka, kwa sababu mimi nilimshika nguo.

Tulimzika Ijumaa. Nilimwambia Goreti, "Nisamehe." Akajibu, "Nilikaa mwenyewe." Afadhali angenitukana.

Jumatatu jina lake likawemo kwenye orodha ya wanaohamishiwa kambi kubwa. Nilimpelekea sabuni na kitenge kwenye basi. Hakupokea. Gari lilipowashwa akafungua dirisha.

"Kabura, mama yako yuko hai?"

"Yuko hai."

"Basi mwandikie."

Wakaondoka.

Kazini naenda. Lori likifika, najitia kupanga dawa na wenzangu wanapokea watu bila mimi. Padre mmoja wa Rulenge alinishauri niungame. Niungame nini? Kwamba nilicheza? Sijui dhambi yangu inaitwaje, wala sioni siku itakayokuja kuniondolea.

Ukinijibu, usiniandikie kwamba ni mapenzi ya Mungu. Nimeambiwa na kila mtu hapa. Niandikie choroko zimeotaje, na nani kaoa. Shija ayaandike maneno yako vilevile unavyoyasema, hata ukinigombeza. Hasa ukinigombeza.

Mpe salamu shangazi Nkwimba, aliyenibeba mgongoni, na shemeji mwalimu, na watoto wake wote. Msalimie Baba. Akiuliza kama nasali, mwambie ndiyo.

Mwanao, ambaye leo angetaka tu kukaa miguuni pako,

Kabula