Pete Ambayo Mtoto Hakuimeza

Mama, shikamoo.

Alfajiri mtoto alipokuwa ananyonya, niliona anarudisha kichwa nyuma ili apate pumzi. Tumeondoka na baba yake kwenda hospitali, wewe ulikuwa bado umelala. Chai iko kwenye chupa. Mvua ikianza, anua nguo.

Na tafadhali, acha kupekua nepi. Jana daktari aliposema mtoto ana pete kifuani, hakusema amemeza pete yako iliyopotea. Ni mishipa ya damu aliyozaliwa nayo. Imezunguka njia ya hewa na ya chakula kama pete, inambana. Ndizi ulizomshindilia "ili iteremke" ndizo zilizompalia. Leo watamchoma dawa ya rangi na kumpiga picha, waone mishipa imepita wapi, na lile tundu la moyo alilolitaja daktari, kabla ya kumpasua. Usije na ndizi nyingine, haruhusiwi kula.

Pete yako nimeikuta kwenye kopo la vifungo, ulikoiweka mwenyewe. Wale majirani uliowaambia kwamba nimemlisha mtoto dhahabu, ~~waite wote uwaambie ukweli~~ basi, wape chai tu.

Jana ulisema mbele yao, "Wewe uliyeishia darasa la tano, mambo ya moyo utayajulia wapi?" Nikatazama sakafu kama kawaida yangu. Lakini nilijua mtoto anaumwa tangu ana wiki mbili. Nilinyamaza miezi sita kwa sababu nilikuogopa wewe kuliko ugonjwa.

Mkweo