Muganga Alisema Tungoje

Baba Masika, uliye ng'ambo ya mto Lhubiriha,

Nilikupoteza mwezi wa nane, mwaka 2012, siku ileile niliyotoka hospitali Kampala nikiwa hai. Watu wa hapa Bwera wanadhani nilikupoteza 2015, ulipopanda lori la chumvi ya Katwe ukasema unakwenda Butembo kumwona mama yako. Hiyo ilikuwa safari tu. Wewe ulikuwa umeondoka zamani, hatua mbili kutoka kitandani, kwenye mkeka.

Kati ya siku hizo mbili nimehesabu usiku mia tisa sabini na mmoja. Unanijua. Hesabu hailali kwangu.

Usiogope kwamba barua hii inasomwa na wengine. Jina lako la kanisani sikuliandika, na akina Baba Masika katika milima hii ni wengi kuliko mbuzi.

Asubuhi nikikaa mlangoni na kikombe cha chai, ukungu ukiwa bado haujaamua kupanda, nakuona shambani. Sijui kama ni ndoto au ni macho tu. Umeshika ua la vanila kwa vidole viwili. Ua ambalo hufunguka asubuhi moja tu maishani mwake, na huku kwetu hakuna nyuki anayelijua, kwa hiyo lazima watu waliozeshe kwa mikono. Wewe unashika, mimi nainua ule ulimi wake mdogo kwa ncha ya mwiba wa mchungwa, nasukuma kwa kidole gumba. Na unanong'ona, kama vile ua lina masikio:

"Polepole, Mama Masika. Hii iko bibi-arusi, haiko muhogo."

Ulikuwa unapenda kunipotezea hesabu. Nikifika mia mbili na kumi unaniambia ni mia na tisini, tunabishana hadi mwisho wa mstari, tunacheka, na umande umetulowesha hadi magotini. Shamba lile tulilianza na mashina kumi na mawili ya kuomba. Zaidi ya hayo hakuna aliyetupa kitu. Labda ndiyo maana nilidhani hakuna kitu duniani ambacho mikono yetu minne haiwezi kukirudisha.

Halafu ikaja damu isiyo na mwezi, na jina la saratani ya mlango wa kizazi, na wiki tano za mionzi Kampala. Kila Jumamosi uliniletea nanasi ulilokwisha kulimenya, ukanilisha kipande kwa kipande, mbele za watu, bila aibu. Wanawake wa wodini walikuwa wakiniuliza, "Huyu Mkongomani ulimpata soko gani? Wamebaki?"

Siku ya kutoka, muuguzi alitusimamisha ukumbini. Alikuwa ameshika mafaili mengi, anaangalia saa. Akasema, "Msikutane kwanza, mpaka tutakapowaambia." Akaita jina la mtu mwingine.

Hukuuliza mpaka lini. Nami niliyeuliza basi linaondoka saa ngapi, vidonge ni vingapi, na choo cha stendi kiko upande gani, hilo sikuliuliza.

Ukatandika mkeka. "Muganga alisema tungoje," ulisema, maana kwenu hata muuguzi ni muganga, "basi tungoje. Miye siko mutu wa kuvunja sheria." Nilikwenda kupimwa mara sita baada ya hapo. Kila nikirudi unanipokea barabarani kwenye boda boda, unaniangalia usoni.

"Wamesema nini?"

"Niko safi."

"Hawakusema kingine?"

"Hawakusema."

Unaitikia kwa kichwa, na mkeka unatandikwa. Ningejua kwamba ulikuwa unaomba ruhusa! Mimi nilisikia mtu anayetafuta kisingizio. Maana kwenye bomba la maji wanawake walikuwa wameanza: kwamba moto wa ile mashine hubaki tumboni mwa mwanamke na humchoma mwanamume. Nilidhani umewasikia. Siku nilipochukua mkono wako nikauweka kwangu, uliuondoa kama mtu aliyegusa sufuria.

"Sitaki kukuumiza," ulisema.

Nami nikakujibu neno ambalo sitaliandika hapa, kwa sababu Masika anajua kusoma. Unalikumbuka. Wiki iliyofuata lilikuja lile lori la chumvi.

Sasa nikuambie kwa nini nakuandikia mwaka huu wa 2017.

Niliitwa, kama mgonjwa aliyepona, kwenye mafunzo ya wauguzi, Kasese. Walikuwa kumi na wanane, wa kutoka Kisinga, Karusandara, hadi kule Kasenyi kwa wavuvi. Mwalimu ni mkunga wa kutoka Kampala, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa. Aliniketisha mbele, akawaambia kwamba kila mmoja atajifunza kumuuliza mgonjwa swali moja bila kuangalia sakafu: mambo ya chumbani yanaendeleaje? Wakacheka, wakajifunika nyuso kwa madaftari. Muuguzi mmoja mzee, wa Karusandara, akanuna.

"Mwalimu, haya ni mambo ya shangazi kumfundisha bibi-arusi."

"Na shangazi alisomea mionzi wapi, sista?"

Hata yule mzee alicheka. Kisha mwalimu akafundisha, Baba Masika, nami nikakaa kwenye kile kiti kama mtu anayeota anaona wageni wanafagia nyumba yake. Kwamba ugonjwa huu haumrukii mume kitandani. Kwamba ule moto haukubaki ndani yangu. Kwamba njia hukauka na kubana, na yapo mafuta maalumu ya kulainisha, na vipo vijiti laini vya kuizoeza kufunguka, kidogo kidogo. Kwamba mume aitwe, aketi, aambiwe yote hayo pamoja na mkewe. Kwamba unaweza kuanza na mkono tu, na mgongo tu, na kuishia hapo siku hiyo, wala hakuna aliyeshindwa.

Niliinua mkono. "Mtu akiambiwa msikutane, ni mpaka lini?"

"Kwa matibabu kama yako, wiki kama sita, daktari akiona umepona."

Wiki sita. Siku arobaini na mbili. Toa hizo kwenye mia tisa sabini na moja, zinabaki mia tisa ishirini na tisa ambazo hakuna aliyetuomba tuzilipe. Niliwaambia wale wauguzi: mkimkataza mtu, mpeni na siku ya mwisho wa katazo, maana wapo watu watiifu.

Kisha ikawa zamu ya yule mzee kufanya zoezi. Akavuta kiti mpaka magoti yetu yakagusana. Hakuangalia sakafu.

"Mama, mambo ya chumbani yanaendeleaje?"

"Mume wangu bado anangoja ruhusa," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Yule mzee akanishika mkono, akasahau zoezi.

"Basi mimi nakuambia leo. Katazo limekwisha, mwanangu. Mwambie."

Nakuambia, basi. Nilimruhusu mwalimu atumie barua hii kufundishia, ili wasipite na mafaili yao wakatuacha ukumbini tena.

Mimi si yule uliyemwoa. Vile vijiti ninavyo, kwenye kopo la biskuti, na nimejizoeza peke yangu kwa miezi mitatu sasa. Yapo maumivu siku nyingine. Itabidi twende kama kwenye ua. Lile neno langu nalirudisha kinywani na kulimeza. Lakini hasira yangu kwako bado ipo, nusu yake: wewe nawe ulikuwa na mdomo.

Vanila imetoa vichwa. Wiki ijayo maua yataanza kufunguka, na mwiba ninao, ila mkono wa kushika sina. Ijumaa, siku ya soko, nitakuwa Mpondwe, pale mpakani, upande wa wauza vitenge, tangu asubuhi. Usinitumie salamu kwa madereva. Nataka jibu la kinywa chako: unarudi kulala kitandani, au hurudi? Nitangoja mpaka saa sita mchana. Baada ya saa sita, ua hufunga, nami nitajifunza kushika na kusukuma kwa mkono mmoja.

Mkeo hadi Ijumaa saa sita,
Mama Masika