Kwa Nini Nilimtaja Lambert

New Hope, Minnesota
4 Mei 2025

Dada Dinah,

Shikamoo. Nakupa mbili, moja ya leo na moja ya ile simu niliyokukatia mwezi wa pili. Mgongo unaendeleaje? Shemeji bado anakohoa? Mimi nipo. Goti la kulia linauma nikipiga magoti, na kazi yangu ni ya kupiga magoti, basi linauma kila siku. Baridi imeisha. Tumeacha kusukuma theluji kwenye mahoteli ya Bloomington, tumerudi kumwaga zege la njia za miguu.

Nasibu, jirani yangu, anasafiri Jumatano kuja kumwona mama yake Bukoba. Nimempa barua hii akuletee. Ningepiga simu, lakini simu yako unaiweka sauti ya juu, ukoo wote unasikia. Hili nataka ulisome wewe peke yako kwanza.

Uliniuliza, huyo mzungu Irene anayemtaja ni Lambert yupi? Nikasema mtandao mbaya, nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri. Ni Lambert huyo huyo. Msimamizi wa machimbo ya bati, aliyempiga baba kofi mbele ya wenzake kwa ajili ya koleo lililovunjika mpini, kisha akamfukuza kazi. Binti yangu amemtundika ukutani kwenye fremu, anasema ndiye babu wa mama yake. Na aliyempa hilo jina ni mimi.

Nianze mwanzo. Verediana alipofariki, mwaka wa tatu sasa, mimi na Irene tulibaki kama wapangaji wawili. Hatukugombana. Ila sisi tulikuwa tunaongea kupitia mama yake. Nikitaka kujua kama mtoto amekula, namuuliza Vere. Mtoto akitaka kujua kama baba amekasirika, anamuuliza Vere. Vere hayupo, nani amuulize nani? Irene anakaa Saint Louis Park, dakika ishirini kwa gari. Alikuja Krismasi. Mimi nilipiga simu siku yake ya kuzaliwa. Upo? Nipo. Kazi? Kazi tu. Mimi kwa Kiswahili, yeye kwa Kiingereza. Basi.

Mwaka jana mwezi wa kumi akaja ghafla. Alikuwa ametema mate kwenye kichupa, akayapeleka kupimwa, yakarudi yanasema sehemu moja kati ya nane yake ni Mwingereza. Sisi hilo tulilijua, kijiji kizima kililijua kwa kumtazama tu mama mkwe. Irene alijua kwamba Bibi alikuwa mweupe, basi. Vere hakupenda kuligusa, na alizaliwa peke yake, hana ndugu wa kuulizwa. Irene akasema twende maktaba, kuna mama anasaidia watu kutafuta mababu.

Huyo mama anaitwa Lois. Ni mwalimu mstaafu, miwani yake ameifunga kamba shingoni, kila Jumamosi anakuja na sinia la keki alizokata vipande. Akanikalisha, akashika penseli, akauliza baba wa mama mkwe wangu aliitwa nani.

Dada, unajua baba alivyotulea. Jina la mama mkwe halipiti mdomoni, awe hai awe amekufa. Na mama mkwe watu wote walimwita kwa jina la yule mzungu baba yake. Mapadre tu ndio walimwita kwa la ubatizo. Kwa hiyo ukimtaja baba yake umemtaja yeye. Miaka thelathini na minne sijalitamka, hata chumbani na Vere. Sasa nimekaa mbele ya mama mzee, umri wa mama mkwe kabisa, penseli iko juu, binti yangu ananitazama. Ulimi ukakataa. Mzungu mwingine wa machimboni niliyejua jina lake ni mmoja tu. Nikasema Lambert. Lois akaandika.

Nilidhani watatafuta, watakosa, yataisha. Kumbe wale watu wameandika kila kitu. Wana vitabu vya kanisa, nani amebatizwa, nani ameoa, nani amezikwa, miaka mia tatu nyuma. Wana sensa kila miaka kumi, nyumba kwa nyumba, jina, umri, kazi. Vyote vimepigwa picha, unaviona kwenye kompyuta na mwandiko wa karani mwenyewe. Lois akampata Lambert Jumamosi ya pili. Mji wa viwanda vya pamba, kaskazini ya Uingereza. Sensa ya 1911 ana miaka sita, wako tisa kwenye vyumba viwili.

Basi ikawa kila Jumamosi. Irene ananipitia saa tatu, tunakwenda kwa Lois, tunarudi kwangu, anapika au napika. Ameanza kujaribu Kiswahili chake. Ananicheka ninavyotamka majina ya Waingereza, mimi namcheka anavyosema "nimeona mtu yule babu". Lois naye ana maneno. Alishangaa kwamba damu ya Irene haimpati Lambert hata mmoja kati ya watu wote waliopima. Akasema labda ukoo ule hawapendi kutema mate. Irene alicheka mpaka watu wa maktaba wakageuka. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Na nikwambie jambo lingine, usikasirike. Nilimhurumia Lambert. Baba yake, sensa ya 1891, ana miaka kumi na moja na tayari yuko kiwandani. Bibi yake alipoolewa hakujua kuandika, ameweka msalaba kitabuni, kama baba yetu alivyokuwa anaweka dole gumba. Kitabu cha mazishi kina watoto watatu wa nyumba moja, baridi moja. Nikasema moyoni, huyu naye alitoka kwa watu wa kazi, sasa mbona alimpiga baba kofi? Irene akaniuliza kwa nini nimenyamaza. Nikasema nina njaa.

Mwezi wa pili Irene akatengeneza ule mti wa ukoo, akautia fremu. Ndiyo siku alipokupigia. Halafu akakata tiketi. Mwezi wa sita anakwenda Uingereza kwenye parokia ya kina Lambert, kaburi lake liko nyuma ya kanisa, Lois amelipata mpaka mstari. Nikasema safari njema. Nilisema hivyo, dada.

Jumamosi ya tarehe kumi na mbili mwezi wa nne hakunipeleka maktaba. Alikuja na kopo la plastiki lenye kifuniko, jipya, bei imebanduliwa. Akasema twende makaburini kwa mama. Ardhi imelainika. Anataka udongo kidogo wa kaburi la mama yake, aupeleke kwa babu, wakae pamoja.

Udongo wa Vere, juu ya Lambert.

Nikasema hapana. Akauliza kwa nini. Nikasema kwa sababu yule si babu yako. Nikamweleza yote, ya mama mkwe, ya jina, ya kofi la baba. Alisimama pale jikoni na lile kopo. Kwanza hakuelewa. Akasema Bibi amekufa, na jina ni jina tu, nilitamke sasa hivi. Nikashindwa hata hapo. Nikachukua penseli yangu ya kazini, nikaliandika kwenye kipande cha boksi, nikamsukumia. Akalisoma kwa sauti. Dada, niliinamisha kichwa.

Halafu akasema, sawa, siku ile ulishindwa, nimeelewa, lakini baadaye je? Jioni ile ile ungeliandika kama ulivyoliandika sasa. Miezi sita, Baba. Nilikuwa nimebakiza wiki nane nikalie kaburi la mtu aliyempiga Babu.

Hapo ndipo palipo na kosa langu, na ndilo ninalokuandikia. Heshima ya mkwe ilinifunga mdomo siku moja. Jumamosi zote zilizobaki nilijifunga mwenyewe. Ni ishirini na tatu, nimezihesabu kwenye kalenda. Nilinyamaza kwa sababu alikuwa anakuja. Akimpata Lambert mmoja, wiki ijayo lazima aje kumtafuta baba yake, na baba wa baba yake. Niliomba kina Lambert wasiishe. Nikimwambia si hao, nilijua atamtafuta wa kweli bila mimi, maana mimi nimeshamdanganya, wa nini tena? Nikamwambia hivyo hivyo, kwa maneno hayo. Nilisema, ulikuwa unakuja, nikaogopa uache.

Alilia kidogo, amesimama. Akachukua kile kipande cha boksi, akasema Lois nikamwambie mwenyewe, kisha akaondoka. Kopo aliliacha mezani.

Nilikwenda kwa Lois Jumamosi iliyofuata, peke yangu, kwa basi, gari lilikuwa gereji. Kiingereza changu unakijua. Nilimwambia jina si hilo, nilidanganya, samahani. Akavua miwani. Akasema amefundisha watoto miaka arobaini, hakuna mtoto aliyewahi kumpotezea majira yote ya baridi. Halafu akanisukumia keki. Akasema tule kwanza, ndipo aendelee kukasirika. Nilikula mbili.

Irene hajaja Jumamosi tatu. Tiketi hairudishwi, sijui kama atakwenda au vipi. Simpigii, na wewe usimpigie, nakuomba. Alhamisi alinitumia ujumbe mmoja kwenye simu. Hakunisalimia. Ameuliza tu, Bibi alibatizwa mwaka gani, na mama yake Bibi aliitwa nani?

Sijui, dada. Nimemwoa mtoto wake na sijui.

Kwa hiyo nina shida na wewe. Nenda parokiani, mwone katekista, aombe kwa padri kile kitabu cha zamani cha ubatizo. Itakuwa kati ya 1934 na 1938. Majina yataje wewe, yote mawili, la ubatizo na la baba yake. Wewe hukatazwi. Soma ule mstari wote, hata kama sehemu ya baba wameacha wazi. Usiutume kwa simu. Uandike kwenye karatasi, wino mweusi, mwambie padri apige muhuri, mpe Nasibu. Anarudi tarehe ishirini na tisa. Akinikabidhi, naendesha mpaka Saint Louis Park siku hiyo hiyo, iwe Jumamosi isiwe, nampa Irene mkononi. Akifunga mlango, nitakuwa nimefika.

Nisalimie shemeji, na watoto wote, na mwambie Maombi shati alilonishonea linanitosha. Mungu awalinde na mvua hizo.

Mdogo wako,
Anselm